Mgongo wa Bibi

Jirani yangu amejifungua. Juzi nilipoingia chumbani kwake kumpa hongera, nilimkuta mama yake amepasha mafuta ya mise na kitunguu saumu, anamkanda kiuno. Wenzangu mliokulia Kigoma mnayajua mafuta hayo, meusi, mazito, yanayotoka kwenye kokwa la chikichi baada ya mawese kukamuliwa. Harufu yake ikishaingia kwenye nguo, hutaitoa kwa sabuni wala kwa jua. Nilimpakata mtoto, nikamsifia, nikasema yote yanayosemwa kwa mzazi, lakini akili yangu ilikuwa imeshaondoka pale. Ilikuwa Rusimbi, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu. Nimepiga magoti juu ya kitanda cha kamba, viganja vimejaa mafuta, namchua Bibi mgongo.

Bibi huyo alikuwa mama yake baba. Alikuja kukaa kwetu kutoka milimani, upande wa Kasulu, babu alipofariki na shamba likabaki na baba wadogo. Alikuja na jembe lake, kana kwamba sisi wa mjini tungemwonyesha pa kulima, na alikuja na Kiha chake. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, kile cha sokoni. Alijua kuuliza bei, kukataa bei, na kumwambia muuzaji kuwa ndizi zake zimeiva kwa kulazimishwa. Zaidi ya hapo alikuwa anakwama, na akikwama alikuwa anacheka na kuniita.

Mama yangu alikuwa mtu wa Ujiji, Mmanyema, aliyezaliwa ndani ya Kiswahili na kulelewa nacho. Kiha alikuwa anakiokota maneno mawili matatu, basi. Baba, ambaye ndiye angekuwa daraja kati yao, alikuwa kwenye maboti ya mizigo, leo yuko Kalemie, kesho Uvira, nyumbani anaonekana kama mgeni mwenye zawadi. Kwa hiyo daraja nikawa mimi. Nilikuwa nalala na Bibi kitanda kimoja, na Kiha chake kiliniingia pamoja na hadithi na joto la mgongo wake, sikumbuki kujifunza. Alikuwa ananiita mke mwenzake, kama mabibi wanavyotania wajukuu wa kike, na ananilaumu kwa kumnyang'anya marehemu mume wake.

Mama na Bibi walipendana, nataka hilo lieleweke. Lakini walikuwa mkwe na mkwe, na heshima baina yao ilikuwa nzito. Mama alikuwa anamwamkia kwa kuchuchumaa, anampelekea maji ya kuoga, anamwekea kichwa cha samaki wa kuhe kwenye sahani yake. Maneno yao yote yalipita kwangu. "Mwambie mama amekula kidogo leo, kwa nini?" "Mwambie nimeshiba." Hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi, nilikuwa naitwa nikaipeleke habari hiyo kutoka jikoni hadi mkekani, hatua chache tu, nami nikajiona mtu wa maana sana.

Mgongo ulipoanza kumsumbua, hakukuwa na swali nani ampeleke hospitali. Mama alikuwa anafanya biashara ya dagaa Kibirizi, na dagaa hawamsubiri mtu. Maboti yakirudi alfajiri usipokuwepo umekosa. Alinifungia kadi ya Bibi ndani ya mfuko wa plastiki, akaniambia, "Msikilize daktari vizuri. Akisema neno usilolijua, muulize. Usibuni."

Nilivaa sare za shule siku ile, ijapokuwa sikuwa naenda shule, kwa sababu niliona kazi ile inataka mtu aliyevaa rasmi.

Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likapanda. Daktari alikuwa kijana, mwenye haraka, si mtu mbaya. Wagonjwa walikuwa wamejaa hadi uani, na alikuwa anaandika huku anauliza, anauliza huku anaandika.

"Habari za leo, bibi?"

Bibi hiyo aliijua. "Nzuri," akasema.

Nikashtuka. Usiku mzima alikuwa amegeukageuka kitandani, na asubuhi alikuwa ameshika ukuta ili asimame. Leo amekuja kwa mganga, mganga kamuuliza habari, naye kajibu nzuri! Nilidhani daktari atafunga kadi na kusema basi, kama ni nzuri nendeni nyumbani. Lakini hakufunga. Aliendelea kama mtu ambaye hakusikia jibu, na mimi nikajifunza siku ile kwamba kuna maswali wakubwa wanaulizana bila kutaka kujibiwa. Nimeishi miaka mingi sasa, nimekwenda hospitali kwa ajili yangu na kwa ajili ya watoto, na mimi pia nikiulizwa habari za leo najibu nzuri, halafu ndiyo naanza kueleza maumivu.

"Anasumbuliwa na nini?" Daktari aliniuliza mimi.

Nikamgeukia Bibi, nikamuuliza kwa Kiha. Akajibu kwa kirefu. Alianza na palizi ya mahindi, akapita kwenye kifo cha babu, akaeleza baridi ya kule milimani inavyoingia kwenye mifupa, na mwisho akashika kiuno chake na kusema umugongo.

"Mgongo," nikamwambia daktari.

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Maneno yote yale ni mgongo tu?"

"Ndiyo. Na baridi."

Akatabasamu, akaandika. "Anapata choo?"

Swali lile lilinishangaza kidogo, lakini halikuwa gumu, na sikuona haja ya kumsumbua Bibi. "Ndiyo," nikajibu. "Tunacho nyuma ya nyumba. Cha shimo, tunatumia na jirani."

Daktari aliweka kalamu chini akacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Bibi, kwa kuona wenzake wanacheka, naye akacheka. Nilicheka pia kwa kuogopa kubaki peke yangu. Daktari akanieleza maana yake, nami nikamuuliza Bibi upya, nimeinamisha macho, naye akajibu ego, ndiyo, anapata. Tukapewa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua. Njiani nilimwomba Bibi asimwambie mama habari ya choo. Akaniahidi, na siku hiyohiyo, wakati wa chakula, akaniamuru nimtafsirie mama habari yote. Mama alicheka akafunika uso kwa kanga.

Vidonge vile vilituliza kwa muda, kisha vikaacha kutuliza. Na pale nyumbani mambo yalianza kubadilika, nami niliyaona yote, ila niliyasoma kichwa chini miguu juu.

Kwanza Bibi alianza kujifulia mwenyewe. Zamani nguo zake nilikuwa nafua mimi pamoja na sare zangu, siku za mapumziko. Sasa alikuwa anaamka kabla ya watu, nasikia maji yakimiminwa kwenye beseni huko uani, na nikitoka nakuta vipande vya kanga kuukuu vimeanikwa chini ya nguo nyingine, ndani kabisa, mahali jua lisipofika. Nikajua amegundua kuwa sisuuzi vizuri. Halafu akaniondoa kitandani. Alinitandikia mkeka chini, akasema nimekua, nampiga mateke. Nililala kwenye mkeka ule nikiwa nimekunja miguu ili nimwonyeshe kwamba mateke nimeacha, lakini hakunirudisha. Na mafuta ya mise, ambayo alikuwa anapaka mgongoni tu, akaanza kupaka kila mahali, asubuhi na jioni, mpaka chumba kikawa kinanuka mise na kitunguu saumu mpaka kwenye mapazia. Wakaja majirani wakimwita kwenye shughuli, akawa anakataa. Jumapili alikuwa anakaa nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango. Baadaye akaacha kwenda.

Nilihesabu kuwa amenichoka. Watoto ndivyo walivyo. Jambo lolote linalotokea ndani ya nyumba wanajiona wao ndio chanzo.

Tulirudi kwa daktari yule kijana. Alimwinamisha Bibi, akamgonga kwa ngumi kiunoni pole pole, akauliza kama anaumia akikojoa, kama amewahi kuanguka. Nilitafsiri kwa uangalifu mkubwa. Bibi akajibu oya, oya, hapana, hapana. Kisha daktari akauliza, "Kuna kingine chochote kinachomsumbua?"

Nikamuuliza Bibi. Hapo alinitazama. Nakumbuka mtazamo ule kuliko ninavyokumbuka sura yake yote. Alinitazama viatu vyangu vya shule, akapanda na shati, akafika usoni, akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi bila neno, kama mtu aliyetaka kuvuka barabara akaona gari.

"Mwambie ni umugongo tu," akasema.

"Mgongo tu," nikasema.

"Ni uzee, bibi," daktari akasema kwa upole, akiandika vidonge vya aina nyingine. "Umri umekwenda."

Nikamtafsiria. Bibi akaguna, akasema kwa Kiha, "Mwambie sikuja kuuliza umri wangu."

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anasema asante."

Hizo ndizo zilikuwa tafsiri zangu. Mwenye maneno mengi nilikuwa nampunguza, mwenye machache namwongeza, na aliyekasirika namfanya ashukuru. Kila mtu alitoka ameridhika na mwenzake. Sikujua kuwa mtu anaweza kutafsiri vizuri kila neno lililosemwa, na jambo lenyewe likabaki pale pale tumboni mwa mtu, halijasemwa na yeyote.

Mara ya tatu tulienda kwa sababu Bibi alianguka. Alikuwa uani anachambua maharage, akainuka, na mara nikasikia ungo umedondoka. Hakuzimia kabisa, lakini midomo yake ilikuwa imepauka kama imepakwa unga. Mama alikuwa ameshatoka. Mwenye bodaboda wa jirani alituweka wote wawili, Bibi katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na nilishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Tulimkuta daktari mwingine, mwanamke wa makamo, mnene kidogo, amevua viatu chini ya meza. Alipomwona Bibi akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bibi akaitikia, na akakaa wima kidogo.

Daktari hakuuliza kitu mara moja. Alivuta kiti chake kutoka nyuma ya meza, akakaa karibu na Bibi hata magoti yakakaribia kugusana. Alimshika mkono, akaugeuza, akatazama kiganja. Akamshusha kope ya chini kwa kidole, akatazama. Ndipo akanigeukia.

"Wewe ndiye mkalimani?"

"Ndiyo, daktari."

"Mjukuu?"

"Ndiyo."

"Darasa la ngapi?"

"La nne." Nikaongeza bila kuulizwa, "Lakini Kiha nakijua chote. Na habari ya choo naijua."

Hakucheka. Alisema, "Naona. Sasa muulize bibi, mgongo ulianza lini." Nikauliza, nikajibu. Akauliza kuhusu kula, usingizi, kizunguzungu. Nikauliza, nikajibu. Kila mara Bibi alipojibu, daktari hakunitazama mimi niliyekuwa nasema Kiswahili. Alimtazama Bibi aliyekuwa anasema lugha asiyoielewa. Niliona ni ajabu, tena ni kunikosea adabu, maana neno lilikuwa linatoka kwangu.

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu. Bibi alikuwa anashika pindo la kanga yake, analikunja, analikunjua.

"Mwanangu," daktari akaniambia, "nitasema neno moja, umfikishie bibi kama lilivyo. Muulize, je, angependa nimwite mama mtu mzima anayejua Kiha, aje atusaidie kuzungumza, na wewe usubiri nje kidogo?"

Nilielewa kila neno. Nilikuwa nimeambiwa nipeleke kwa mdomo wangu mwenyewe barua ya kufukuzwa kazi. Nilifikiri kuigeuza, nikimbilie Kiha na kusema kitu kingine, mfano kwamba daktari anauliza kama ana njaa. Lakini mama alikuwa ameniambia nisibuni, na macho ya daktari yalikuwa yametulia juu yangu kana kwamba anaamini. Nikamgeukia Bibi, nikaifikisha kama ilivyo. Hata neno "kidogo" sikuliacha.

Sikuwa nimemaliza vizuri. "Ego," Bibi akasema. Ndiyo.

Laiti angesita. Laiti angenitazama kwanza, akasema hapana, huyu huyu ananitosha, halafu akabembelezwa. Lakini alisema ego haraka, kwa pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akafumba macho.

Daktari alitoka mwenyewe mpaka kwenye benchi, akasalimia, akauliza ni nani kati ya akina mama anayezungumza Kiha. Akainuka mama mmoja mzee, mfupi, aliyefunga kilemba cha njano, mgeni kwetu kabisa. Alikuwa amekuja kwa sababu ya jicho, lilikuwa limefunikwa pamba. Alimwambia Bibi mwakeye, wakaamkiana kwa marefu kama watu wa mlima mmoja, akakaa kwenye kiti changu. Nami nikatoka. Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi katika nafasi ya yule mama. Mtu mmoja alikuwa anakohoa, mtoto analia kwa sindano, kunguru wanagombania ganda la embe uani. Nilitafuta kosa langu. Nilizipitia siku zote tatu, neno kwa neno. Je, ni ile baridi ya milimani niliyoifupisha? Je, ni ile asante? Nikaona bila shaka ni habari ya choo, imeandikwa kwenye kadi, na daktari huyu ameisoma. Nililia kimyakimya, nimeinamia sare zangu, nikimchukia yule mama wa kilemba cha njano ambaye hata macho mawili hakuwa nayo.

Walikaa sana humo. Watu waliokuwa wakisubiri walianza kunung'unika. Wakati fulani muuguzi aliingia na beseni lililofunikwa kitambaa, akafunga pazia la dirisha. Mara nikasikia sauti ya Bibi kupitia mlangoni. Hakuwa anatumia sauti yake ya kujibu, ile fupi ya oya na ego. Alikuwa anaeleza. Sauti ilikwenda, ikapumzika, ikaendelea tena, na hakuna aliyemkatiza. Sikuyasikia maneno. Nilijua tu kwamba mimi, tangu tuanze kwenda hospitali, sikuwahi kumsikia akizungumza hivyo.

Yule mama alipotoka, alikuwa anafuta lile jicho moja kwa upande wa kilemba. Alisimama mbele yangu, akaniwekea mkono kichwani, mzito. "Bibi yako amevumilia," akasema, kisha akaenda kupanga foleni upya kwa ajili ya jicho lake, mwisho wa benchi. Watu wakamsogeza mbele.

Mama aliitwa. Sijui ni nani aliyepiga simu Kibirizi. Alifika amevaa kanga ya kazini, magamba ya samaki wa migebuka yamemganda mikononi, maana siku ile dagaa walikuwa wachache. Aliingia, na akakaa humo peke yake na daktari. Alipotoka alipita mbele yangu bila kuniona, akaenda alipokuwa amelazwa Bibi akiwekewa damu, akachuchumaa kama alivyozoea, ili amwamkie. Lakini kuamkia hakukuja. Aliweka paji lake la uso kwenye ukingo wa kitanda. Bibi akamshika kichwa kwa mkono usio na sindano.

Nikamsikia mama akisema kwa Kiswahili, kwa mtu asiyejua Kiswahili, "Chumba cha pili, mama. Unalala chumba cha pili kutoka kwangu."

Bibi akaniangalia. Alikuwa anasubiri tafsiri. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeachishwa kazi, nilitazama chini.

Baba alirudi, na Bibi akapelekwa Mwanza kutibiwa. Mimi niliambiwa anaenda kutibiwa mgongo. Neno lile lilikuwa limezoeleka nyumbani, na hakuna aliyeona sababu ya kulibadilisha kwa ajili ya mtoto. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshavunja ungo, ndipo mama aliponiketisha tukiwa tunachambua dagaa akaniambia kuwa ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi. Bibi alikuwa anatokwa damu kwa miezi mingi, yeye mjane ambaye mambo hayo yalikwisha mwilini mwake zamani. Aliona ni aibu. Angemwambia nani? Mkwe hasemezwi mambo ya huko. Mwanawe wa kiume ndiyo kabisa. Daktari alikuwa kijana wa kumzaa. Na mlango wa pekee uliokuwepo wa kutokea maneno hayo ulikuwa kinywa cha mtoto wa darasa la nne aliyevaa sare, ambaye usiku alikuwa analala amemshika kiuno.

Pale ndipo vipande vilipojipanga, kanga zilizofichwa jua, mkeka, mise, na kiti cha karibu na mlango kanisani. Hakuwa amenichoka. Alikuwa ananikinga, na kunikinga huko kulikaribia kumwua.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba Bibi amekwenda na kwamba kitanda cha kamba ni changu tena, na sikukitaka. Alikaa Mwanza muda mrefu kwa ajili ya matibabu. Baba alikuwa anaacha safari anaenda kumtazama, anarudi na salamu. Aliporudi mwenyewe alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, na alikuwa na Kiswahili! Alikiokota wodini, kwa wanawake wenzake wa Usukumani, na alikuwa anakizungumza kwa lafudhi yao, kwa hiyo akawa Muha anayesema Kiswahili cha Kisukuma ndani ya Rusimbi. Watoto wa mtaani walikuwa wanakuja kumsikiliza.

Siku alipopata nguvu kidogo, nilimuuliza lile lililokuwa limenikaa. Nilimkuta barazani anaota jua.

"Bibi, siku ile nilikosea wapi?"

"Siku gani?"

"Siku ile uliponikataa."

Alichelewa kuelewa. Alipoelewa alinivuta, akanikalisha katikati ya miguu yake kama anayetaka kunisuka. "Mwana wanje, mwanangu, hukukosea. Ulisema vizuri kuliko redio."

"Sasa kwa nini ulisema ego haraka vile?"

"Kwa sababu yule mama daktari aliniuliza mimi. Wengine wote walikuwa wanakuuliza wewe."

Nilifikiri jibu lile siku nyingi, na bado nalifikiri nikiwa kwenye mabenchi ya hospitali. Nakaa na kutazama vijana wakiwapeleka wazazi wao. Daktari anauliza, "Amekula nini?" na kijana anajibu, na mzee amekaa katikati yao kama mzigo unaosafirishwa. Sipendi kumlaumu yeyote, foleni ni ndefu na madaktari ni watu. Lakini nikimpeleka mama yangu, ambaye sasa ndiye mzee wetu, huwa natoka nje kabla sijaombwa.

Bibi aliishi. Si milele, lakini aliishi miaka iliyotufaa, akaniona nikimaliza shule, akacheza kwenye harusi yangu kwa mabega tu kwa kuwa miguu ilikataa. Na nyumba yetu haikurudi ilivyokuwa. Nasema hivyo kwa sababu ya jambo lililotokea majuma machache baada ya yeye kurudi kutoka Mwanza.

Mchana mmoja mama alirudi kutoka Kibirizi, akaoga, akanipa kisu na vitunguu nikate. Akakaa karibu nami jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu cha kuazima, "Kwa Kiha, ukitaka kumuuliza mtu mwili umeamkaje, unasemaje?"

Nikamwambia. Akarudia. Alikosea, nikamsahihisha. Alirudia tena, midomo inacheza peke yake, huku anafuta mikono iliyokwishakauka. Nikataka kusimama niende kwa Bibi, maana nilikuwa nimezoea kuwa kila swali ni langu kulipeleka. Mama akanishika bega, akaniketisha.

"Wewe kata vitunguu," akasema.

Alibeba kigoda, akaingia chumba cha nyuma, akarudisha mlango. Nikasikia kigoda kinawekwa chini karibu na kitanda. Nikasikia mama akiuliza lile swali, na amepandisha sauti pale pa kushusha, kwa hiyo likatoka swali jingine kabisa, la kuchekesha, ambalo mtu hamuulizi mkwewe. Bibi alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mama akacheka bila kujua anachekea nini.

Kisha Bibi akaanza kumjibu.